Jina Nililomwandikia Patient

Papa Séverin tulimzika siku ya Jumanne. Siku ya pili ya matanga, chini ya hema la buluu lililofungwa kwenye ukuta wa nyumba yake pale mtaa wa Bel-Air, kijana mmoja alikuja kukaa karibu nami na kuniuliza swali ambalo sikulitegemea kwenye kilio. "Maman Noëlla, papa anasema ninyi mulikuwa nacheza sana hapa. Michezo gani ya ile wakati iko muzuri mpaka leo?" Alikuwa mtoto wa Freddy, tuliyecheza naye zamani. Freddy mwenyewe alikuwa ameketi kiti cha pili, mnene siku hizi, mwenye duka la vipuri vya magari, na alitikisa kichwa kama mtu anayesifiwa. Nilimjibu kijana kwa uaminifu, kwa sababu jambo hilo bado nalijua kuliko mambo mengi ninayofundisha. Nilimwambia aanze na ule wa kompyuta tuliouita Ufalme. Unaanza na watu watatu wasio na silaha katikati ya msitu, unawatuma kukata miti na kuchimba dhahabu, unajenga mji, kisha unatengeneza jeshi kabla jirani hajakufikia. Wa pili ni ule tuliouita Jangwa, wa magari ya chuma na mchanga, kwa sababu humfundisha mtu kutotapanya alicho nacho. Nikamweleza kwamba michezo hiyo si kama drafti, ambapo kila mmoja hungoja zamu yake. Hapa hakuna zamu. Wewe ukiwa unafikiri, mwenzako anajenga, na ukiwa unalia, mwenzako anajenga. Kijana aliandika kwenye simu yake. Freddy akacheka, akamwambia mwanawe: "Mama huyu alikuwa natupiga bote. Isipokuwa Murwanda." Akanigeukia. "Unamukumbuka Murwanda? Mie njo nilimupatia ile jina." Alisema hivyo bila aibu, kama mtu anayekumbuka bao alilofunga ujanani. Nilitazama sahani yangu ya wali nisimsahihishe. Nataka kumsahihisha hapa, kwa kuandika, kwa kuwa mdomo wangu umeshindwa kwa miaka zaidi ya ishirini na mitano.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kule chuo kikuu cha Kasapa, katika mwaka ambao karibu hatukusoma kabisa. Maprofesa walikuwa katika mgomo, kisha chuo kikafungwa, kisha kikafunguliwa kwa majuma matatu, kisha maprofesa wakarudi mgomoni. Sikutaka kurudi kwetu, na Papa Séverin alinikodishia chumba cha nyuma nyumbani kwake. Alikuwa amefanya kazi katika idara ya kompyuta ya kampuni kubwa ya migodi, ile iliyolisha nusu ya mji na sasa haikuwa ikimlisha mtu. Mashine zilipozeeka na kutupwa, aliokota nane, akazifungua zote, na kutokana na maiti hizo nane akatengeneza nne zilizo hai. Alizipanga sebuleni, mbili zikitazamana na mbili, akaziunganisha kwa nyaya alizozipitisha chini ya zulia. Asubuhi alifundisha watu kupiga chapa. Mchana, kama kulikuwa na umeme, sisi wanafunzi wasio na masomo tulicheza. Chumba kilinuka vumbi lenye joto, makaa kutoka jikoni, na makoti yetu. Kati ya sebule na meza ya kulia kulikuwa na pazia tu, na nyuma ya pazia mke wake, Maman Régine, alipokea wanawake wa jirani waliokuja kuchambua mboga pamoja naye.

Nilijifunza Ufalme huku nikisikiliza pazia lile. Nilisikia habari za mwanamume wa avenue ya pili aliyekuwa akivaa sare yake kila asubuhi na kuondoka na kopo la chakula, ingawa karakana yake ilifungwa miezi sita nyuma, na mkewe aliendelea kumtilia bukari, ugali wetu, katika kopo lile ili majirani wasijue. Nilisikia habari za familia iliyong'oa mlango wa chumba na kuutengenezea jeneza la mtoto. Mmoja wa wanawake aliuliza: "Basi sasa banalala bila mulango?" Mwingine akajibu: "Banalala bila mutoto." Wakaendelea na majani yao. Mimi wakati huo nilikuwa natafuta njia ya kumvamia Freddy kutoka kaskazini mwa ramani. Saa sita Maman Régine alitupakulia. Bukari mara zote, mchicha wa lengalenga mara nyingi, dagaa za ndakala zikipatikana. Alitupa sisi wacheza michezo sawasawa na alivyowapa watoto wake, na kama hazikutosha ni yeye aliyesema kwamba hana njaa. Aliniita mwanangu tangu juma la kwanza, na hivyo tu kwa miaka yote iliyofuata.

Sina budi kusema nilikuwa mchezaji wa namna gani. Freddy alipenda majeshi makubwa, aliyakusanya kwa saa nzima ili ayatazame yakitembea. Mimi nilikuwa nimegundua kwamba jeshi si kitu. Nilituma wapanda farasi wanne au watano, mapema, kabla mtu hajawa na ukuta, wawaue wale wakata miti na wachimba dhahabu wake. Hao hawapigani, wanakimbia tu na kutoa sauti ndogo. Ukishawamaliza, mwenye mji anabaki na majumba yasiyo na mtu, na unaweza kwenda kunywa maji ukirudi umkute palepale. Wenzangu walinisihi. "Noëlla, niachie hata mumoja." Sikumwachia mtu hata mmoja. Nilipenda sana kuwasikia wakiomba. Kila kitu mjini kilikuwa kikituambia kwamba sisi ni watu wa kungoja: tungoje masomo, tungoje umeme, tungoje mishahara ya wazazi. Pale mbele ya skrini, kwa saa mbili, nilikuwa mtu anayeombwa.

Patient Kambale aliletwa na Freddy mwezi wa nne. Baba yake alikuwa Mnande wa Kivu ya Kaskazini, mfanyabiashara wa maharagwe na vitunguu kwa jumla, mwenye bohari karibu na avenue yetu. Patient alikuwa mrefu, mwembamba, na Kiswahili chake kilikuwa na mwendo wa kwao uliotuchekesha. Aliinamisha kichwa kuomba kabla ya kula hata kama ni mkate mmoja wa mafuta. Siku za kwanza nilimpiga kama nilivyowapiga wengine. Alitazama jinsi nilivyofanya, hakulalamika, akaenda nyumbani. Juma la pili nilimuulia watu wake, nikamchomea mji wake wote, nikaondoka kwenda kumsaidia Maman Régine kuanika unga. Niliporudi mchezo ulikuwa bado haujaisha. Sikujali. Saa nzima baadaye jeshi lilitoka kwenye kona ya ramani ambayo sikuwahi kuitazama. Patient alikuwa ameficha mtu mmoja tu nyuma ya miti, na mtu huyo mmoja alikuwa amejenga mji mpya polepole wakati mimi naanika unga. Alinimaliza mbele ya watu saba. Kisha akainua kichwa juu ya skrini yake, maana tulikuwa tumetazamana, akasema kwa upole: "Pole, dada." Hakuwa akinidhihaki. Afadhali angenidhihaki.

Mchezo uliofuata ni mimi niliyeufungua, kwenye mashine kubwa ya Papa Séverin, na huko ndiko majina ya wachezaji yalikoandikwa. Niliandika NOËLLA. Niliandika FREDDY. Mahali pa Patient niliandika MURWANDA. Hakuwa Mnyarwanda, na nilijua hivyo. Nilimtazama tu urefu wake na pua yake, na nikachukua neno lililokuwa likitembea mjini tangu vita vya miaka miwili nyuma, vilivyotoka upande wa Rwanda, neno la kumtupia mtu kama mtu anavyotupa jiwe bila kulenga. Jina likatokea kwenye skrini zote nne kwa wakati mmoja. Chumba kikapasuka kwa kicheko. Freddy alicheka hadi akashika tumbo, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akilitaja kwa sauti kila siku baada ya hapo, nadhani ndiyo maana leo anaamini ni lake. Patient naye alicheka, akichelewa kidogo. Mashine ilihifadhi jina lile. Kila tulipofungua mchezo, lilijitokeza lenyewe, na hakuna aliyesumbuka kulifuta. Baada ya mwezi mmoja hata watoto wa avenue walimwita hivyo, naye aliitika.

Vita vikaanza tena mwezi wa nane. Lazima nieleze siku ile vizuri, kwa sababu yote yanategemea saa ile. Tulikuwa hatuna umeme siku mbili, na redio ya nyumbani haikuwa na betri. Wengine mjini walikuwa wamesikia tangazo usiku, kwamba mashariki askari wameasi, kwamba adui ni Mnyarwanda na yuko kati yetu. Sisi hatukusikia. Patient alikuwa amepita asubuhi, akaona skrini nyeusi, akasema anakwenda bohari kwa baba yake. Saa nne hivi balbu ya sebule ikawaka. Niliruka kwa furaha, nikakimbia hadi getini. Nilimwona amefika kwenye kona, amenipa mgongo. Nikamwita kwa nguvu, kwa jina nililozoea: "Murwanda. Murwanda, rudia, courant imerudia."

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba lori la askari sikuliona. Niliona. Lilikuwa limesimama kwenye kona ileile, kwenye kivuli cha ukuta, na askari wameketi nyuma wakila mihogo. Malori ya askari yalisimama popote siku zile, na sikujua siku hiyo wanatafuta nini. Lakini niliona. Patient aligeuka, mkono wake tayari umeinuka kunisalimu. Waliruka watatu. Mmoja alimpiga kwa kitako cha bunduki kwenye mdomo kabla hajashusha mkono ule. Vijana waliokuwa wakiuza sigara walikuja mbio, nikadhani wanakwenda kumsaidia, na wao pia wakampiga, mmoja kwa kiatu alichokivua mguuni. Walimtupa ndani ya lori. Mmoja wa wale waliokuwa wakila hakusimama hata kidogo. Niliingia ndani, nikafunga geti, nikaenda kuketi mbele ya kompyuta. Ilikuwa imewaka.

Baba yake alikuja saa nane mchana. Mzee Kambale alikuwa mtu wa koti na tai, na alikuwa amebeba mfuko wa plastiki wenye kadi ya ubatizo ya Patient, diploma yake, picha zake za komunyo. Alizitandaza juu ya meza kana kwamba sisi ndio tungemhukumu. "Bananiambia mtoto aliitwa jina mbaya mu barabara," alisema. "Banasema ilikuwa sauti ya mwanamuke. Mie sitafute kumugombanisha mutu. Nataka tu aende na mie kule ku camp, aseme ni jina ya mchezo. Aseme tu hivyo." Chumbani tulikuwa watano. Freddy alitazama viatu vyake, yeye kwa kweli hakujua ni nani aliyeita. Pazia halikutikisika. Nilijua sentensi yote niliyotakiwa kusema, fupi, ya maneno matatu. Papa Séverin alinitazama. Alinitazama muda wa kutosha. Kisha akavaa koti lake na kumwambia mzee: "Twende. Machine ni yangu. Mie nitabaeleza."

Walirudi na Papa Séverin kabla ya jua kuzama, askari wanne na afisa mmoja kijana aliyeongea taratibu, ili waone hiyo mashine yenye jina. Afisa aliamuru mchezo ufunguliwe. Ramani ikatokea, misitu, mito, alama nyekundu na buluu. Akainama karibu na kioo. "Hii ni ramani ya wapi?" Papa Séverin akamjibu: "Si ya mahali, chef. Ni ya mchezo." "Buluu ni bakina nani?" "Ni mutu yeyote anayecheza." "Na hizi kamba zinaenda wapi?" "Zinaenda ku ile mashine ingine tu, pale." Afisa aliifuata kamba kwa macho chini ya zulia hadi upande wa pili, kisha akamwagiza Freddy acheze. Freddy alicheza, na kwa dakika kadhaa wote walitazama watu wadogo wakikata miti. Askari mmoja alitabasamu, akauliza kama wanaweza kuoa. Nikaanza kuamini kwamba yataisha hivyo. Ndipo orodha ya majina ikatokea, na afisa akaweka kidole juu ya lile neno. "Nani aliandika?" Nilikuwa nimeegemea ukuta, hatua mbili kutoka kwake. Nilimwona Freddy akifungua mdomo, na ninaamini alitaka kusema kwamba hajui. Papa Séverin alimtangulia. "Mie," alisema. "Niliandika mie, kwa kuchekesha batoto." Afisa akanyoosha mgongo. "Mwanaume mukubwa kama weye, unachekesha batoto na Banyarwanda." Walikata nyaya kwa kisu, wakachukua mashine tatu, wakamchukua na yeye.

Alikaa siku kumi na moja. Maman Régine alipeleka chakula kila siku kwa miguu, na karibu kila siku alirudi na sahani tupu bila kujua nani aliyekula. Mimi nilibaki nyumbani na watoto wake, niliwapikia, niliwafulia, nilifanya kazi kama mtu aliyeshikwa na homa, na majirani walinisifu. Alipoletwa, vidole vinne vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimevunjwa kimoja kimoja. Walimtaka aonyeshe ni vidole vipi vilivyoandika jina, na mtu anayejua kupiga chapa hutumia vyote. Hakutusimulia hilo yeye, ni Patient aliyesimulia.

Maana Patient alitoka pia, baada ya majuma matatu, baba yake alipolitoa lori lake kwa mtu aliyejua mtu. Walikuwa wanaondoka kesho yake kupitia Sakania, wavuke kwenda Zambia. Alikuja kumuaga Papa Séverin. Meno ya mbele hayakuwepo na jicho moja lilikuwa limefumba. Waliketi wawili, mzee na mkono wake uliofungwa vitambaa, na Patient akaeleza habari ile ya vidole kwa sauti ileile ya upole aliyoniambia nayo pole, dada. Kisha alisimama, akampa kila mtu mkono. Alipofika kwangu aliushika mkono wangu, hakuufinya. Akaangalia balbu juu yetu, akaniuliza: "Courant imerudia?" Nikasema ndiyo, ipo. "Iko muzuri," akasema, na akatoka. Nimesikia kwamba anaishi Ndola, ana watoto, ana malori. Sijawahi kumtafuta.

Mimi nilibaki. Hili ndilo ninaloshindwa kulieleza kwa watu wanaodhani kwamba mwenye hatia hukimbia. Nilikaa katika nyumba ile miaka minne zaidi. Papa Séverin alinifundisha yote aliyojua, akitumia mkono wa kushoto, kwa mashine moja iliyobaki. Alinisaidia kuandika kazi yangu ya mwisho wa masomo, na siku nilipoitetea alivaa lile koti. Nilipoolewa aliketi mahali pa wazazi. Nikawa mwalimu wa kompyuta kwa sababu yake, na kila Jumapili baada ya misa nilipita Bel-Air, nikala bukari mezani pake, nikamwona akibeba kijiko kwa vidole vilivyoganda. Mara nyingi tuliachwa peke yetu sebuleni. Angeniuliza habari za wanafunzi. Ningemweleza. Kulikuwa na nafasi, kila Jumapili kulikuwa na nafasi, na kila mara nilijiambia kwamba kumkumbusha kungemwumiza.

Juma moja baada ya matanga, hema limekwisha kuondolewa, nilikwenda kumwona Maman Régine. Nilimkuta peke yake uani anamenya karanga. Nilichukua kigoda, nikaanza kumsaidia. Baada ya muda akasema, bila kuinua macho: "Freddy anasema kwa bantu kama jina alitoa yeye."

Nikasema: "Nilimusikia."

"Ulimusikia na ukanyamaza."

Mikono yangu ilisimama. Yeye aliendelea kumenya. "Ile siku nilikuwa ku dirisha ya jikoni," alisema. "Nilikusikia unaita. Papa naye nilimwambia usiku ule nilipomupelekea chakula, ile mara moja tu waliponiachia nimuone kidogo. Akaniambia anajua tayari. Akanikataza kusema, mutoto iko na masomo. Alikuwa bwana yangu, nikamutii." Alipuliza maganda. "Lakini aliamini utakuya kusema weye mwenyewe. Mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili. Kila dimanche, baada ya misa, ulipoingia alizima redio. Hukuonaka? Alikuwa anazima redio ili useme."

Nilipiga magoti pale kwenye maganda. Nikaomba msamaha, maneno yakatoka kwa wingi, yote ambayo hayakutoka mwanzo. Alinisikiliza hadi mwisho, kama alivyokuwa akiwasikiliza wanawake wa jirani.

"Ungemuambia yeye," alisema. "Mie sina kintu ya kukupatia."

Akasimama, akajipangusa mikono kwenye kitambaa, akanisindikiza mpaka getini kwa adabu zote. Akalifungua, akasogea pembeni ili nipite.

"Muende muzuri, madame," akaniambia, na akafunga.